Hesabu Nyanya, Usihesabu Fungu

Hotuba hii niliitoa Mei 2025, Siku ya Taaluma, katika shule ya sekondari ya Mbagala niliyosoma kidato cha kwanza hadi cha nne. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimeacha tu sehemu ambazo kipaza sauti kiligoma.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wangu, wazazi wetu, shikamooni. (Marahabaa.) Wadogo zangu, mambo vipi? (Poa!) Itifaki nyingine naomba iwe imezingatiwa, maana mwalimu wa zamu amenipa dakika 25 na nimemwona ameshaangalia saa mara mbili.

Hapa mezani nimeweka nyanya. Ziko 24, nimezihesabu mwenyewe asubuhi. Zisiguswe, nitazirudia.

Nilipoombwa nije kuzungumzia data, nilimpigia simu mdogo wangu wa kidato cha pili nikamuuliza, "Data ni nini?" Akanijibu, "Dada, si bando? Kwani unanirushia?" Sikumlaumu. Hapa Dar ukisema huna data, watu wanajua bando limekata. Na ukisema fulani amedata, wanajua akili zimeruka. (Kicheko.) Mimi nimekuja kwa ile data ya tatu, ile iliyonifanya leo niwe mwanafunzi wa takwimu mwaka wa tatu: taarifa unazozikusanya kwa sababu una swali linalokusumbua. Na yangu ilianzia kwenye genge.

Mwaka 2017 nilikuwa kidato cha pili, nimekaa dawati la tatu, darasa lile pale ambalo sasa limepakwa rangi. Enzi zetu halikuwa na rangi. Mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa amefika kwenye mada ya takwimu. Mifano ya kitabuni ilikuwa ya mkulima na magunia yake ya mahindi, mkulima ambaye haugui, hanyeshewi, na kila mwaka magunia yake yanagawanyika kwa kumi. Siku moja mwalimu akafunga kitabu. Akasema, "Kila mtu achague kitu kimoja cha nyumbani kwao, akiandike kila siku kwa siku 30. Chochote. Ndoo za maji, chapati, umeme umekatika mara ngapi. Tukitoka likizo ya Juni mnaniletea."

Nikachagua genge la mama. Mama yangu, yule pale amejifunika kanga, anauza genge hapahapa Mbagala: nyanya, vitunguu, bamia, nazi, ndimu, dagaa. Nyanya anazifuata sokoni Temeke Stereo, anachukua kwa tenga, anarudi anazipanga mafungu. Nilipomwambia nataka kuandika mauzo yake alikataa kabisa. "Mwanangu, ukinihesabia hela kila jioni utanifukuzia riziki."

Msicheke. Wazazi wengi hapa wanamwelewa. Muulize mtu mzima ana watoto wangapi, atakujibu, "Mungu amenijalia." Siyo kwamba hajui. Kuna vitu havihesabiwi kwa sauti. Basi nikatafuta njia ya pembeni. Nikamwomba nihesabu zile nyanya zilizooza tu, zile anazozitupa. Hasara ina riziki gani ya kufukuza? Akafikiri, akasema, "Hizo zihesabu."

Wiki moja ikatosha. Nyanya nyingi zilikuwa zinatupwa Jumatatu. Ijumaa mama alikuwa anachukua tenga la pili kwa sababu Jumamosi watu wananunua sana, zinazobaki zinalala Jumapili kwenye joto letu hili, Jumatatu zinatoa maji. Nikamwonyesha daftari. Alilitazama muda mrefu, na mama siyo mtu wa kutazama daftari muda mrefu. Kisha akasema, "Haya, andika na mauzo."

Jumamosi ndiyo siku mama aliyoipenda. Jioni kopo la hela linajaa mpaka kifuniko hakifungi. Lakini nilipotoa hela ya tenga la pili, nauli ya bajaji, na nyanya zilizooza Jumatatu, maana hizo ni nyanya za Jumamosi hata kama zimefia Jumatatu, faida ya Jumamosi ikawa ndogo kuliko ya Jumatano. Jumatano! Siku ambayo mama alikuwa anasema anakaa tu kupigwa na vumbi. Kopo lilikuwa linamwonyesha mauzo, na mauzo yana sura nzuri. Faida haikai kwenye kopo, lazima uitafute kwa kutoa.

Hapo mtadhani mimi ni hodari. Subirini makosa.

Tulikuwa kwenye masika. Siku mbili mvua ilinyesha tangu alfajiri, mama hakufungua genge, nikaandika sifuri. Siku nyingine nilirudi kutoka madrasa nimechoka, nikalala bila kuandika, asubuhi nikaona aibu kuacha nafasi wazi, nikaweka sifuri. Mwalimu alipopitia alizinyooshea kidole zote tatu. "Hizi sifuri ni ndugu?" Nikanyamaza. Mbili zilikuwa kweli: siku ile hakuna kilichouzwa. Ya tatu ilikuwa uongo, kwa sababu siku ile mama aliuza vizuri tu, mimi ndiye sikuandika. Na ule uongo mmoja ulikuwa umeushusha wastani wa mwezi mzima. Tangu siku ile nikiona sifuri mahali, hata kwenye ripoti kubwa yenye nembo, naiuliza: wewe ni sifuri, au kuna mtu alilala?

Kosa la pili lilinipa majivuno kwanza. Katikati ya zile siku 30 mauzo yalipanda ghafla, mstari wa grafu ukaenda juu kama ngazi. Siku mbili kabla yake nilikuwa nimemshauri mama apange mafungu kwa rangi, zilizoiva mbele, zenye ukijani nyuma. Kwa hiyo nikaandika, kwa wino mwekundu, kwamba mpangilio wangu umeongeza mauzo. Nikampelekea mama asome. Akasoma, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, Ramadhani imeingia."

Kwa kweli ilikuwa imeingia, mwishoni mwa Mei mwaka ule. Watu wananunua nazi, viazi vitamu, magimbi na mihogo ya futari, na wakija kuchukua nazi wanabeba na nyanya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga! Nilikuwa na njaa, nimekaa kwenye genge, naandika kwamba watu wanakuja kwa sababu ya rangi za nyanya. Vitu viwili vilifuatana kwenye karatasi, nikakipa cha kwanza sifa ya cha pili. Ningekuwa naishi nyumba ambayo hakuna mtu anayejua genge, lile jambo lingeingia kwenye daftari likabaki pale kama ukweli.

Sasa tuje kwenye nyanya. Kijana wa mbele, hebu njoo unisaidie kushika. Mkono huu una fungu, na huu una fungu. Bei ya fungu mwaka ule ilikuwa shilingi 500. Kwenye jedwali langu nilikuwa na safu ya bei, na siku zote 30 nimeandika 500, 500, 500. Chini nikamalizia kwa fahari: "Bei ya nyanya haikubadilika." Mwalimu akauliza swali moja tu. "Fungu lina nyanya ngapi?"

Sikujua. Nilikaa nazo mwezi mzima, sikujua. Nikaenda kumuuliza mama, akacheka mpaka akashika nguzo. Nyanya zikijaa sokoni, fungu lina tano. Zikiadimika, fungu lina tatu. Mteja akija anauliza "fungu bei gani," anajibiwa mia tano, anaridhika, anaondoka. Hesabuni hapa: mkono huu ni nyanya tano, kila moja shilingi 100. Mkono huu ni tatu, kila moja karibu shilingi 167. Nyanya imepanda bei kwa theluthi mbili, na jedwali langu linasema hakuna kilichobadilika. Fungu halikubadilika. Nyanya ndizo zilizokuwa zinapanda na kushuka humo ndani, na mimi nilikuwa nahesabu fungu.

Asante, zirudishe mezani.

Mambo mengi mnayoyasikia kwenye redio na simu ni mafungu. Chukueni mfumuko wa bei. Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatoa taarifa, na kila mwezi nyumbani kwetu kuna ugomvi na redio. Mtangazaji anasema mfumuko umepungua, mama anauliza, "Umepungua wapi? Mchele mbona haujashuka?" Wote wawili wana haki. Kwa wastani wa mwaka, mfumuko ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, ukawa 3.8 mwaka 2023, ukawa 3.1 mwaka 2024. Namba inashuka. Lakini hiyo ni kasi ya bei kupanda. Daladala inayotoka Rangi Tatu kwenda Posta, dereva akikanyaga breki kidogo, mwendo unapungua, ila gari bado linaelekea Posta. Halijarudi Rangi Tatu. Kilichokuwa shilingi 10,000, kwa asilimia 3.1 kimekuwa 10,310. Kimepanda taratibu zaidi, lakini kimepanda.

Halafu kuna kikapu chenyewe, yaani vitu ambavyo bei zake zinapimwa. Namba ile moja inatoka kwenye mamia ya bidhaa na huduma, kuna nauli, kuna kodi ya nyumba, kuna nguo, kuna simu, na chakula ndani yake hakifiki theluthi moja ya uzito wote, yaani ya matumizi yote yanayohesabiwa. Nyumba yenye watoto wengi na kipato cha genge, chakula kinakula zaidi ya nusu ya matumizi. Kwa hiyo nyanya na mchele vikipanda na vingine vikitulia, kikapu cha taifa kinatikisika kidogo, cha mama kinapinduka. Redio haikudanganya. Inazungumzia kikapu ambacho si cha mama.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijalisema hadharani, na nimemwomba mama ruhusa jana usiku.

Genge lina daftari la pili, la madeni. Mimi nikaona hesabu haitakamilika bila mikopo, nikayaingiza kwenye kazi yangu. Julai tulipofungua shule, kila mtu alisimama mbele na manila yake. Yangu ilikuwa nzuri kuliko zote, nilitumia kalamu za rangi nne. Na kwenye safu ya mikopo niliandika majina. Mama fulani, shilingi elfu saba. Mama fulani, elfu kumi na mbili. Darasa likacheka, maana watu wa mtaa mmoja tunajuana. Kijana mmoja hakucheka. Mama yake alikuwa mstari wa tatu kwenye manila yangu.

Hakunisemesha mpaka tulipofika kidato cha nne. Mama yake akahamia genge lingine, mteja wa miaka sita. Mama yangu hakunipiga. Alilichukua daftari, akachukua kalamu, akafuta majina yote mpaka karatasi ikatoboka, akaniambia, "Mtu akikukopa amekupa siri, siyo deni." Hapo sikuelewa. Nilidhani ananilaumu kwa kupoteza mteja.

Siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo, inafanya kazi. Nimeisoma chuoni na nimeifanyia mtihani. Ila ninapoisoma ninaiona ile karatasi iliyotoboka.

Agosti 2022 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikapata kazi ya ukarani wa sensa. Sensa ya sita tangu Muungano, na ya kwanza kwetu kufanywa kwa vishikwambi. Tulikula kiapo cha kutunza siri. Wenzangu wengine walikipokea kama utaratibu tu, mimi mkono ulitetemeka.

Swali kubwa la sensa yetu lilikuwa jepesi: nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti? Ni jepesi mpaka ulipeleke mlangoni kwa mtu. Baba mmoja alinitajia watu wa nyumba yake, akamtaja na kijana wake anayesoma Mwanza. Nikamwambia, "Baba, huyo atahesabiwa kule alikolala." Akakasirika. "Kwa hiyo unataka kusema siyo wangu?" Nilikaa pale karibu nusu saa. Bibi mwingine alikataa kutaja wajukuu, akaniambia niwaangalie mwenyewe nihesabu kimoyomoyo. Nikahesabu kimoyomoyo. Na mlinzi aliyekesha getini, hakulala popote, tunamwandika wapi? Tulikuwa na maelekezo, anaandikwa kwenye kaya yake, lakini lazima kuna mtu alikaa mahali akaliwaza lile swali kabla yetu.

Matokeo yalipotoka tukaambiwa Tanzania ni watu 61,741,120. Ndani ya ile namba yumo kijana wa Mwanza, na wale wajukuu wa kimoyomoyo.

Sasa nijibuni. Kati ya 2012 na 2022, Dar es Salaam ilikua kwa kasi kuliko nchi nzima, au polepole kuliko nchi nzima? (Kwa kasi!) Nilijua. Foleni ya Mbagala inawaambia hivyo. Haya: mwaka 2012 Dar ilikuwa na watu 4,364,541. Mwaka 2022 ikawa na 5,383,728. Imeongezeka kwa asilimia 23 hivi. Nchi nzima ilitoka 44,928,923, imeongezeka kwa asilimia 37. Dar imekua polepole kuliko nchi. (Minong'ono.)

Kabla hamjasema sensa imekosea, au kabla hamjasema foleni ni uongo, tuulize ndani ya fungu kuna nini. Wapo wapi watu? Tazameni Mkoa wa Pwani: umetoka watu milioni 1.1 na kufika milioni 2 kwa miaka hiyohiyo kumi. Wangapi hapa wazazi wao wamenunua kiwanja Vikindu? Nyoosheni. Mwandege? Mnaona mikono. Ukipita Kongowe ukafika Mwandege umeshatoka Dar, uko Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Mtu anaamka Vikindu, anagombea daladala, anashinda Kariakoo, anarudi Vikindu kulala. Sensa imemhesabu alipolala. Foleni inamhesabu anapopita. Kila moja imesema kweli kuhusu kitu chake. Anayepanga vyumba vya madarasa anahitaji namba ya waliolala, anayepanga mabasi anahitaji ile nyingine, na akichukua isiyo yake atajenga kitu kizuri mahali ambapo hakuna mtu.

Dakika? Kumi? Mwalimu ananionyesha saba. Haya, niwape ya kuchekesha kidogo. Mwaka wa pili chuoni tulipewa kazi ya kurekodi muda ambao abiria wanasubiri daladala. Tulikuwa sita, kila mmoja na fomu yake, na kuna safu imeandikwa "muda". Tukakusanya, tukaingiza kwenye kompyuta, ikachora grafu. Grafu ikasema abiria wanajaa kituoni saa nane usiku! Tukaanza kubuni sababu: labda wafanyakazi wa viwandani, labda wa sokoni. Mmoja wetu alishaandika aya nzima. Kumbe watatu wetu waliandika 8:15 kwa saa ya simu, na watatu waliandika 2:15 wakimaanisha saa mbili na robo asubuhi, kama tunavyosema sote. Kompyuta haijui Kiswahili cha saa. Iliiona 2:15 ikaipeleka usiku wa manane. Ubaya wenyewe ni ile aya. Namba ilikuwa ya kipuuzi, na sisi watu sita tunaopanda daladala kila siku tukaitafutia sababu kwa sababu imetoka kwenye kompyuta.

LUKU, umeme wa kulipia kabla, nitaigusa tu, mwenye mita nyumbani ataielewa. Nyumbani kwetu elfu kumi inatoa uniti 28 na kidogo. Siku nyingine inatoa karibu 24. Wapangaji walisema mita inakula umeme, mmoja akataka fundi aitwe. Nikaomba meseji za miezi minne, nikazipanga kwa tarehe. Ile pungufu ni manunuzi ya kwanza ya mwezi kila mara: kodi ya jengo, shilingi 1,500, inakatwa hapo. Meseji yenyewe imeandika, ila nani anasoma meseji ya LUKU zaidi ya zile tarakimu 20? Tatizo ni kwamba tangu niwaeleze, tarehe moja ikifika kila mpangaji anajifanya bado ana umeme, anasubiri mwenzake awahi. (Kicheko.) Tumekaa gizani mara mbili kwa sababu ya takwimu zangu.

Na nyie vijana wa nyuma, mnaonyamaza ghafla, najua mnajua nakuja wapi. Kubeti. Sitawahubiria, sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 na hilo mnalijua. Nataka tu tupige hesabu ya mkeka, yaani dau moja la timu kadhaa ambazo lazima zishinde zote. Tuseme wewe ni fundi kweli, kila timu unayoiweka ina nafasi 7 kati ya 10 ya kushinda. Timu moja, 70 kati ya 100. Ukiweka mbili zishinde zote, ni 0.7 mara 0.7, yaani 49 kati ya 100, umeshashuka chini ya nusu. Tatu, 34. Tano, 17. Mkeka wa timu kumi, karibu 3 kati ya 100. Timu kumi, zote ni wababe, na mkeka wako utachanika mara 97. Halafu ukichanika mtu anasema, "Timu moja tu imeniangusha." Timu moja tu inatosha kuangusha mkeka, ndiyo kazi ya kule kuzidisha! Na yule jamaa anayeposti mkeka wake uliotiki, muombeni aposti na iliyochanika. Hataposti. Zile ni nyanya zilizooza, ametupa kabla hujaja.

Kuna jambo moja la wanafunzi ambalo napenda mlijue, kwa sababu lilifanyika hapa mjini. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia kwenye kata zinazofurika, wakatembea uchochoro kwa uchochoro na simu na GPS. Waliandika mitaro, madaraja, nyumba, visima. Waliwauliza wakazi maji yalifika wapi. Unajua nyumba zetu za mabondeni, ukuta una mstari wa mafuriko, na mwenye nyumba anaweza kukuonyesha: hapa ni mwaka ule, hapa ni mwaka huu. Ule mstari ulikuwepo siku zote, mtu anaupita akienda chooni. Wao wakaupima, wakaunganisha na mwingine na mwingine, vikaingia kwenye ramani ya OpenStreetMap ambayo yeyote kati yenu anaweza kuifungua bure leo, akatafuta mtaa wake. Ifungueni. Na kama uchochoro wenu haupo, unaweza kuuongeza.

Kwa hiyo nimekuja na madaftari 40, yale ya kawaida ya kurasa 48, mchango wangu na wenzangu watatu wa chuo. Mwalimu wa Hisabati atayagawa kwa kidato cha pili. Andikeni kitu kimoja kwa siku 30. Kiwe kidogo. Chagueni kitu mnachokiuliza kweli: kwa nini maji yanakatika, unasubiri daladala dakika ngapi konda akiona sare za shule, kuku wa bibi anataga siku zipi. Juu ya ukurasa wa kwanza andikeni mnahesabu nini hasa, kama ni fungu au ni nyanya. Siku usiyoandika, acha wazi, usitie sifuri, hakuna atakayekuchapa kwa nafasi wazi. Andika na yaliyotokea siku hiyo, mvua, msiba, sikukuu, maana Ramadhani haijiandiki yenyewe. Ukimaliza, kabla ya kumpelekea mwalimu, mpelekee mtu anayeishi na kile kitu, umsomee, na ukiona anakutazama kwa huruma, kaa chini umsikilize. Majina ya watu yaacheni nyumbani.

Mkuu wa Shule, nashukuru kwa nafasi. Mwalimu wangu wa Hisabati amestaafu, ila nimeambiwa yuko pale nyuma chini ya mwarobaini. Mwalimu, shikamoo. Mama, asante kwa daftari.

Nyanya hizi nawaachia akina mama wa jikoni, ziongezwe kwenye maharage ya leo. Nilipoanza kuzungumza zilikuwa 24. Nimehesabu sasa hivi, ziko 23. Kuna mtu wa mstari wa mbele anatafuna. Jina sitaji.